Weusi wa Birika la Fedha

Machi 9

Sijamwambia mtu yeyote, hata Mama: birika la yule muuguzi mstaafu nililiharibu mimi. Babu Kioo hakuligusa. Nimenunua daftari hili leo jioni ili niliweke jambo hili mahali, maana mdomoni halitoki.

Nianze mwanzo. Nilimaliza shule mwaka jana, na tangu Januari nafanya kazi kwa shangazi, dada yake baba. Ana karakana ya kung'arisha vyombo: vinara, sinia, vikombe vya mashindano, tarumbeta, vitasa vya milango. Mbele kuna kaunta, ndiko anakokaa yeye. Nyuma kuna chumba kirefu chenye sinki mbili, jiko la gesi na meza iliyojaa vitambaa, na huko tuko wawili tu, mimi na Babu Kioo. Si babu yangu wa damu. Anaitwa hivyo kwa sababu hakiachi chombo mpaka azione ndevu zake ndani yake. Yuko hapo tangu enzi za marehemu mume wa shangazi. Mimi ananiita Bibi Kimya.

Shaba ni kazi yangu. Fedha ni kazi yake, na hakuna mwingine anayeigusa. Kuna dishi la plastiki ambalo ndani yake Babu hutandika karatasi ya alumini, kisha humimina maji ya moto yenye magadi na chumvi. Chombo cha fedha kikilazwa humo, weusi unajitoa wenyewe bila kusuguliwa. Mwalimu wetu wa kemia alitufundisha sababu yake. Weusi ule si uchafu. Ni fedha yenyewe iliyoshikana na salfa ya hewani, na ndani ya dishi alumini inaichukua ile salfa na kuiacha fedha peke yake. Nilipata alama nzuri katika somo hilo. Ndiyo maana nilijiona najua.

Jumatano mchana Babu alitoka kwenda kula. Birika lilikuwa juu ya meza, limefubaa, na mpini wake umefungwa uzi mweusi. Nyuzi hizo huwa naziona kwenye vyombo vingine, na sikuwahi kuuliza ni za nini. Nilikuwa naona haya. Wiki hiyo vidole vya Babu vilikuwa vimevimba kwa baridi ya mvua, nikasema nimpunguzie kazi. Nilifungua uzi usilowe, nikautia mfukoni, nikalichovya birika. Kukatoka harufu kidogo kama ya yai bovu. Baada ya dakika tano likawa jeupe pe. Nikalikausha, nikaliweka juu ya kitambaa chake ili akirudi alikute, nikarudi kwenye vitasa vyangu nikiwa na furaha kama mjinga.

Alirudi, akavua koti, na kabla hajafika mezani shangazi akaingia.

"Mzee Kioo," akasema, "ndege wako wapi?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba kulikuwa na ndege. Birika lote lilichorwa nakshi ya ndege na matawi, nyembamba kama unywele, na kilichofanya waonekane ni weusi uliolala ndani ya mistari. Nilikuwa nimeutoa wote. Chombo kilibaki kama kijiko kipya cha dukani.

Babu alilishika, akaligeuza, akaligeuza tena. "Nimelichovya?" akauliza. Hakuwa anamuuliza shangazi.

"Uzi hukufunga?"

"Nilifunga." Akaangalia mezani, akaangalia chini. "Nadhani nilifunga."

Shangazi akanigeukia. "Na wewe ulikuwa wapi?"

Nilifungua mdomo. Babu akanijibia: "Muache mtoto. Fedha ni kazi yangu, kosa ni langu." Halafu akasema polepole, "Itakuwa nimelichovya."

Nilirudi kwenye vitasa vyangu. Uzi ulikuwa mfukoni mwangu wakati wote huo.

Machi 11

Mvua. Vitasa kumi na viwili vya shaba. Sikusema.

Machi 12

Mvua. Tarumbeta mbili, moja ina kutu ya kijani mpaka ndani ya mdomo. Sikusema.

Machi 14

Mwenye birika amekuja. Ni mama mrefu aliyefanya kazi ya uuguzi miaka mingi, na anaongea kwa upole wa mtu aliyezoea kutoa habari mbaya. Birika lilikuwa la mama yake. Alikuwa amelileta litengenezwe mpini tu, na alisema wazi kwamba weusi usiguswe.

Babu mwenyewe ndiye aliyelipeleka kaunta. Hakumtuma shangazi. Mimi nilikuwa mlangoni na ndoo.

"Mama, nimekukosea," akasema. "Nimelisafisha kupita kiasi."

Yule mama hakupiga kelele. Alilisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole kwenye ubavu wake. "Nikiwa mdogo nilikuwa nawahesabu hawa ndege mama akimimina chai," akasema. "Sasa nawasikia kwa kidole tu."

"Naweza kuurudisha weusi."

"Unarudishwaje?"

"Kwa mayai."

Akamtazama kama anayepima homa. "Mzee, unanitania."

"Natamani ningekuwa nakutania. Nipe mwezi mmoja."

Alikubali, nadhani kwa sababu ya kuchoka tu. Alipoondoka Babu alibaki ameegemea kaunta. Shangazi akamletea kigoda.

Machi 15

Mvua. Nimeota naongea.

Machi 16

Leo nimejifunza kwa nini tumechoka hivi. Vikombe vya mashindano nilivyong'arisha Jumatatu vimefubaa tena, na wenyewe hawajavifuata. Babu anasema kila msimu wa mvua ni hivyo. Unyevu ukizidi, hewa inafanya kazi haraka kuliko sisi.

"Hatushindi, Bibi Kimya," akasema. "Tunachelewesha tu."

Halafu akanipa somo bila mimi kuuliza, pengine kwa sababu anajua sitauliza. Chuma kinaliwa na kutu mpaka kiishe, kinabanduka vipande, na chini yake kutu inaendelea kula. Shaba inajivika kijani. Alumini ina ujanja wake, inajifunika utando mwembamba usioonekana na kukaa salama chini yake. Dhahabu haina habari na mtu. Fedha haiumizwi na hewa safi wala maji safi, inaumizwa na vitu vya nyumbani: moshi, sufu, mpira, yai, jasho la mikono.

"Kwa hiyo fedha nyeusi maana yake imekaa na watu," akasema. "Iliyo nyeupe sana, ama ni mpya ama imefungiwa."

Nilitaka kusema hapo hapo. Akageuka kutafuta miwani, na miwani ilikuwa usoni kwake. Alipoigusa hakucheka. Mwezi uliopita angecheka.

Machi 19

Mayai. Tumechemsha kumi na mawili. Unayamenya yangali moto, unayaponda kwenye bakuli, unaliweka bakuli ndani ya ndoo yenye kifuniko, na birika linakaa juu ya kigoda cha waya humo humo bila kugusana na mayai. Kisha unafunga na kusubiri. Salfa ya yai inapanda yenyewe.

Baada ya saa moja tulichungulia. Birika lilikuwa la njano kama samli. Tulipofungua mara ya pili lilikuwa la zambarau, lenye mabaka ya buluu, la ajabu kwa uzuri. Nikasema, "Linapendeza," na Babu akaruka kidogo, maana nilikuwa sijatamka neno tangu asubuhi.

"Kumbe unaongea. Nilidhani umechovywa na wewe."

Shangazi akaja amejiziba pua. "Wateja watadhani nimefungua banda la kuku."

"Wakiuliza waambie tunatotoa ndege," Babu akasema. Shangazi akacheka. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka mchana. Paka wawili walikaa dirishani siku nzima wakitusimamia.

Ilikuwa siku nzuri, na ndiyo iliyonichosha kuliko zote. Nilimsaidia kurekebisha kosa langu huku akinishukuru.

Machi 20

Weusi umekaa kwa mabaka. Tumeutoa wote, tumeanza upya. Mayai kumi.

Machi 21

Mayai kumi tena. Nyumbani Mama ananinusa mlangoni na kusema, "Oga kwanza."

Machi 25

Babu ameanza kuandika kwenye mkono. Nimeona leo alipokunja shati kunawa. Kuanzia kifundo mpaka karibu na kiwiko, kwa kalamu ya wino: *uzi kwenye sinia. funga mlango wa nyuma. miwani. magadi, si sabuni.* Akaona nimeona, akashusha mkono wa shati ngozi ikiwa bado na maji.

Nilikuwa namwona mkali. Mwezi wa kwanza nilikuwa nakwenda chooni ili nisibaki naye. Sasa namwona anavyosimama mbele ya kila chombo kabla hajakigusa, kama mtu aliyesimama mbele ya mlango asioujua kama ni wa kwake. Zamani alikuwa hafikirii, mikono ilikuwa inakwenda yenyewe. Hilo nimelifanya mimi kwa dakika tano na dishi la maji.

Kesho nitasema.

Machi 26

Sikusema. Tulibaki peke yetu, nikasema "Babu," akasema "Naam," nikasema "Magadi yamekwisha." Hayakuwa yamekwisha. Akaenda kuangalia, akakuta paketi mbili, akazitazama kwa muda mrefu. Akatoa kalamu, akakunja mkono wa shati, akaandika.

Sina la kuongeza leo.

Machi 30

Mvua. Vinara vinne.

Aprili 2

Nina homa. Sijakwenda kazini. Mama amempigia shangazi simu. Babu Kioo amenitumia salamu na pole kupitia kwa shangazi.

Aprili 3

Leo nimerudi, na chumba chetu kina harufu ya moto.

Shangazi alinieleza mbele, kwa sauti ya chini. Jana Babu aliweka kwenye gesi sufuria ya maji ya kuchovyea sinia, akatoka kwenda kuzungumza na jirani mshonaji, akapitiliza kwenda nyumbani. Maji yalikauka. Sufuria ikatoboka, kitambaa kilichoning'inia kikashika moto, na rafu ya juu imeungua upande mmoja. Shangazi aliona moshi ukipita chini ya mlango wakati anajiandaa kufunga.

"Kama pasingekuwa na mtu," akasema, akaacha hapo.

Nilikuwa namwona shangazi kama mtu anayehesabu makosa ya watu. Leo nilimwona akipanga upya vikombe ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa.

"Mume wangu aliniusia mambo mawili tu kabla hajafa," akasema. "Paa, na yule mzee. Paa limetengenezwa." Akakaa. "Sufuria peke yake ningesema ni bahati mbaya, nani hajasahau sufuria. Lakini birika, halafu sufuria. Mtu aliyeshika kazi ya fedha miaka thelathini na tano anachovya chombo chenye uzi. Hiyo ndiyo inayonitisha. Mvua zikiisha nitamwambia apumzike."

"Atafanya nini nyumbani?"

"Sijui. Usiniulize, na wewe kwa kawaida huulizi."

Kwa hiyo mambo ndivyo yalivyo. Sufuria ni yake. Birika ni langu. Shangazi anayaweka pamoja na kupata jibu, na mimi peke yangu ndiye ninayejua kwamba nusu ya hesabu hiyo ni ya uongo. Nilikaa mbele yake na maneno yote yakiwa tayari. Nikasema, "Nikaoshe rafu?"

"Kaoshe."

Aprili 4

Rafu imepakwa rangi. Sikusema.

Aprili 8

Babu ameanza kunifundisha kazi ya fedha. Hakusema kwa nini, ila si vigumu kujua. Amenionesha namna ya kuuacha weusi ndani ya nakshi na kuutoa juu tu: kitambaa kinazungushwa kwenye kidole gumba, unga mweupe kidogo, unapita kwa wepesi bila kugandamiza. Ukigandamiza, kitambaa kinaingia kwenye mstari na kumtoa ndege macho.

"Na uzi mweusi," akasema, "maana yake usichovye. Nilishakwambia?"

"Hukuniambia, Babu."

"Mwezi wa nne huu hujaambiwa?" Akatikisa kichwa. "Basi na hilo nalo nilisahau."

Akakunja mkono wa shati. Akaliandika.

Aprili 12

Muuguzi amelichukua birika. Safari ya tano ya mayai ndiyo iliyokaa sawa, na Babu alifanya ubavu mmoja, mimi nikafanya mwingine. Ndege wote wako. Mama huyo alisogea dirishani kama mara ya kwanza. Akapitisha kidole ubavuni polepole, nikadhani anawahesabu.

"Ni wao," akasema. "Ila wanaonekana kama wameamka sasa hivi. Wa mama walikuwa wamelala."

"Weusi huu ni wa mwaka huu," Babu akamwambia. "Ule ulikuwa wa miaka ya mama yako. Huo siwezi kuutengeneza, mama. Tumia, mimina chai, usilifungie kabatini. Utakuja wenyewe."

Yule mama akamshika mkono, akamshukuru. Hakuona maandishi chini ya shati.

Nilidhani birika likiondoka nitapata nafuu. Sikupata.

Aprili 16

Mkono unauma kwa kuandika, lakini nitaandika yote.

Babu alichelewa asubuhi. Alikuja saa nne, amevaa shati lake zuri. Akakaa bila kuvua koti, akasema alikuwa hospitali. Binti yake alimpeleka. Daktari alimwambia achore saa ya ukutani, akamtajia maneno matano, wakazungumza mengine, halafu akamwuliza yale matano.

"Ukayataja?"

"Manne. La tano lilikuwa kijiko. Mimi, nikakosa kijiko." Akacheka bila sauti. "Daktari anasema kwa umri wangu si mbaya, nirudi baada ya miezi sita. Lakini yeye hajui habari ya birika. Tangu lile birika siuamini mkono huu. Nakumbuka nafunga uzi. Nakumbuka kabisa, na ndiyo inayoniogopesha. Mtu akikumbuka kitu ambacho hakikutokea, amekwisha."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Nikasema, "Babu, birika nililichovya mimi."

Hakusikia kwa sababu ya bati. Ikabidi niseme tena, na sauti yangu ikatoka kubwa kuliko nilivyokusudia, nikashtuka mwenyewe.

Akanitazama. "Wewe."

"Ulikuwa umekwenda kula. Nilitaka kukusaidia. Sikujua maana ya uzi, nikaufungua, nikautia mfukoni."

"Kwa hiyo nilifunga."

"Ulifunga, Babu. Mafundo mawili."

Akafumba macho. Nilidhani analia, kumbe anacheka, mabega yanamtikisika, anarudia "mafundo mawili, mafundo mawili." Halafu kicheko kikakatika, na alipofumbua macho sikutaka kuwa mbele yake.

"Karibu wiki sita," akasema.

"Ndiyo."

"Unajua kila asubuhi nafanya nini kabla sijavaa viatu? Nawataja wajukuu zangu. Wanane. Nisipowapata wote sitoki nyumbani. Juzi nilikwama kwa wa saba, nikakaa kitandani mpaka mke wangu akaniuliza kama naumwa. Na wewe ulikuwa hapo, unanipa vitambaa, unamenya mayai. Ulikuwa unaniona naandika mkononi kama mtoto wa shule."

"Nilikuwa naogopa."

"Ulikuwa unamwogopa nani? Mimi niliyesema muache mtoto?"

Sikuwa naogopa adhabu. Naogopa watu wakinitazama wote kwa pamoja, basi, ni hilo tu, jambo dogo la kipuuzi, na kwa hilo nilimwacha mtu ajione anapotea.

Alisimama, akaenda mbele. Nilisikia sauti yake na ya shangazi kwa muda, sikusikia maneno. Shangazi hakuja nyuma. Babu alirudi, akavua koti, akafanya kazi mpaka jioni amenipa mgongo.

Aprili 17

Hasemi nami. Shangazi naye ameniambia tu nisiguse vyombo vya fedha. Vitasa.

Aprili 18

Hasemi nami. Ameniwekea chai mezani, lakini hakusema.

Aprili 19

Chai. Sikuwa najua kwamba mtu anaweza kuumizwa na ukimya. Nimewafanyia watu hivyo maisha yangu yote.

Aprili 20

Leo aliongea. Alikuwa ananawa, mkono wa shati umekunjwa, na hapakuwa na maandishi. Ngozi ilikuwa nyekundu kwa kusuguliwa.

"Bibi Kimya."

"Naam, Babu."

"Nimekasirika, na nitaendelea mpaka mwisho wa mwezi. Ujue hivyo." Akafunga bomba. "Lakini nimekuwa nikifikiri. Kama birika lilikuwa wewe, na ulinyamaza." Akakausha kidole kimoja kimoja. "Na sufuria ile? Na hiyo ilikuwa wewe?"

Aliuliza kwa mzaha kidogo, ila macho hayakuwa na mzaha. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu mzima akitaka jibu kiasi hicho.

Siku ya sufuria nilikuwa kitandani, Mama akinikanda kwa kitambaa cha maji. Babu mwenyewe alinitumia pole siku hiyo. Hakukumbuka. Alikuwa amesimama mbele yangu anauliza kama nilikuwepo, na kule kuuliza kwenyewe ndiko kulikokuwa jibu, ila alikuwa halioni.

Shangazi alikuwa mlangoni, ameshika ufagio. Ni yeye aliyepokea simu ya Mama asubuhi ile.

Nilikuwa nimechoka kwa uongo wa kunyamaza, na sikuwahi kujua kama nitaweza kusema uongo wa kutamka. Ukatoka kwa urahisi. "Ndiyo, Babu. Na sufuria. Niliinjika nikasahau. Nisamehe."

Akapumua, pumzi ndefu, kama mtu aliyetua gunia. "Nilijua," akasema. "Nilijua sijawahi kuacha moto. Umemsikia?" akamwambia shangazi. "Huyu mpole wako nusura atuchome wote."

Shangazi alinitazama. Niliona akiifikiria ile simu, na niliona alipomaliza kuifikiria.

"Nimemsikia," akasema. "Basi adhabu yako hii. Kuanzia Jumatatu gesi unafungua wewe na unafunga wewe, mwingine yeyote asiiguse. Unafika wa kwanza, unaondoka wa mwisho, na mlango wa nyuma ni juu yako. Tumeelewana?"

"Ndiyo, shangazi."

"Adhabu ndogo," Babu akasema. Alikuwa anatafuta miwani. Aliikuta usoni na akacheka sana.

Aprili 23

Tulibaki wawili jioni, nikifunga gesi. Shangazi alisimama karibu nami, akalijaribu bomba la gesi kwa mkono wake mwenyewe.

"Nilikuwa natafuta sababu ya kutomwondoa," akasema. "Umenipa mbaya, lakini umenipa." Akazima taa ya meza. "Siku ukiona tumefika pabaya, kwamba macho yako hayatoshi, utaniambia siku hiyo hiyo. Hapo usije ukaninyamazia."

Nikamwambia sitanyamaza. Nadhani ni kweli.

Aprili 27

Jua nusu siku. Vitasa.

Aprili 30

Mvua zimekwisha. Tumefungua madirisha yote, na hewa imekauka, na vikombe vya mashindano vimekaa siku tano bila kufubaa. Mikono ya Babu imemrudia. Haisimami tena mbele ya chombo. Jana aliniuliza swali moja mara mbili ndani ya saa moja, nikalijibu mara mbili, kwa sauti ile ile. Leo alitaka kuinjika maji, nikamwambia, "Adhabu yangu, Babu," akarudi nyuma akiinua mikono juu kama mtu aliyekamatwa.

Hakuna aliyenisamehe sawasawa, na shangazi hajanirudishia kazi ya fedha. Kwa mshonaji jirani najulikana kama yule msichana aliyetaka kuchoma karakana. Nikipita ananisalimu kwa tahadhari. Nimechoka, ila si kama mwezi wa tatu.

Sijui wewe unayesoma umelipataje daftari hili. Huenda nimelisahau mahali, na mimi nasahau. Ukifika kwetu utamkuta mzee mezani anang'arisha, atakuonesha ndevu zake ndani ya sinia, na atakusimulia habari ya sufuria, maana anapenda kuisimulia. Mwache aisimulie anavyoijua. Akikuuliza kama umewahi kuona msichana mzembe namna hii, nakuomba, mwambie hujawahi.